Berlin kwa Swali Moja: Jinsi ya Kupanga Ziara ya Historia ya Wanafunzi

Ratiba ya ziara ya kimasomo kwenda Berlin kwa kawaida huandikwa kwa majina ya mahali: Jumatatu Lango la Brandenburg na jengo la Bunge, Jumanne Ukuta, Jumatano makumbusho mawili, Alhamisi kambi ya mateso, Ijumaa maduka. Kila mahali pamepewa saa moja au mbili, na basi linasubiri nje. Hoja yangu leo ni kwamba ratiba ya namna hiyo ni ya utalii, hata pale ambapo kila mahali palipotajwa pana uzito mkubwa katika historia ya dunia. Historia ni kazi ya kuhoji ushahidi, na anayehoji lazima awe na swali kabla hajafika mbele ya shahidi. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, Rwanda au Burundi, au kwa kijana aliyezaliwa Ulaya katika nyumba inayozungumza Kiswahili, napendekeza swali moja liibebe ziara nzima: Berlin imechagua kukumbuka nini kuhusu Afrika Mashariki, na ni nani aliyeidai ikumbuke? Mahali pa kwenda, idadi ya siku, vitabu vya kusoma kabla ya kuondoka, vyote vichaguliwe kwa kuangalia kama vinalisaidia swali hilo.

Tuanze na Wilhelmstraße, palipokuwa namba 77 ya zamani. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba rasmi ya Kansela Otto von Bismarck, ambamo wajumbe wa mataifa 14 walikutana katika Mkutano wa Berlin kuhusu Afrika kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Hakuna Mwafrika aliyealikwa. Jengo liliharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, magofu yakaondolewa, na leo mtaani hapo yamesimama maghorofa ya makazi yaliyojengwa katika miaka ya mwisho ya Ujerumani Mashariki. Kinachomwambia mpita njia kilichotokea ni ubao wa maelezo kando ya barabara. Mwanafunzi aliyekuja kuona jengo ataupiga picha ubao huo na kuondoka baada ya dakika tano. Aliyekuja na swali ana kazi ya asubuhi nzima. Mkononi ana tafsiri ya Hati Kuu ya mkutano, vifungu 38, na ameambiwa atafute kifungu kinachoigawa Afrika. Hatakipata. Atakuta uhuru wa biashara katika bonde la Kongo, usafiri wa meli katika mto Niger, tamko juu ya biashara ya watumwa, na katika vifungu vya 34 na 35 masharti kwa dola itakayotwaa sehemu mpya ya pwani: iwaarifu wenzake, na iwe na mamlaka ya kweli mahali hapo. Mipaka tunayoijua ilikatwa baadaye katika mapatano ya nchi mbili mbili, na kwa upande wetu hasa yale ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 na 1890.

Lakini asiishie hapo, maana ushahidi una upande wa pili. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya wajumbe kuagana, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters, kwa kutegemea mikataba ambayo Peters alikuwa ameikusanya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami katika wiki za mwisho za 1884. Basi mkutano uliigawa Afrika au haukuigawa? Wanafunzi wawili wanaobishana juu ya hilo pale Wilhelmstraße, mmoja akishika kifungu cha 35 na mwingine akishika tarehe, wanafanya kazi ya mwanahistoria. Kitabu cha kiada kinachosema kwa sentensi moja kwamba Afrika iligawanywa Berlin kinawanyima ubishi huo. Ndiyo maana sipendi ratiba inayoweka mahali sita kwa siku moja: ubishi wa maana haumaliziki wakati dereva anapiga honi.

Baada ya Wilhelmstraße, wapelekwe Wannsee, kwenye ukingo wa kusini-magharibi wa mji. Tarehe 20 Januari 1942, katika jumba la kifahari kando ya ziwa, maofisa 15 wa dola ya Wanazi na chama chao waliratibu mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Jumba hilo limehifadhiwa, lina maonyesho ya kudumu, na lina maktaba. Mwanafunzi atauliza mara moja kwa nini nyumba ya mkutano mmoja imetunzwa na ya mkutano mwingine imeachiwa ubao wa barabarani. Jibu la haraka ni kwamba moja ilibomoka na nyingine haikubomoka. Jibu hilo halitoshi. Joseph Wulf, mwanahistoria Myahudi aliyenusurika Auschwitz, alianza katikati ya miaka ya 1960 kudai jumba la Wannsee ligeuzwe kituo cha kumbukumbu na utafiti. Alikataliwa, akafariki mwaka 1974 bila kuliona jambo hilo, na kituo kikafunguliwa Januari 1992, miaka 50 baada ya mkutano wenyewe. Kwa hiyo hata kumbukumbu ambazo leo Ujerumani inasifiwa kwazo hazikuletwa na nia njema ya serikali peke yake. Kulikuwa na watu waliozidai, wakasumbuka, wengine wakafa kabla ya kusikilizwa. Mwanafunzi akishalijua hilo ataitazama Berlin yote kwa macho mengine, na mitaa ya kaskazini mwa mji, Wedding, itaanza kusema naye.

Huko Wedding kuna eneo linaloitwa la Kiafrika, ambalo mitaa yake ilipewa majina katika enzi ya ukoloni na baadaye: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Mmoja wa mitaa hiyo ulipewa jina la Petersallee mwaka 1939, kwa heshima ya Carl Peters yuleyule. Mwaka 1986 mamlaka ya mji yalitangaza kwamba jina sasa linamkumbuka Hans Peters, mwanasheria aliyeupinga Unazi. Kibao kikabaki na herufi zilezile. Aliyebadilika ni mtu anayekumbukwa. Wanaharakati wenye asili ya Afrika na Wajerumani wenzao hawakuridhika na ujanja huo, wakaendelea kudai kwa miaka mingi, katika mabaraza na mahakamani, mpaka Agosti 2024 mtaa ulipogawanywa na kupewa majina mawili mapya: Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia, na Majimaji, vita vya kuupinga utawala wa Wajerumani. Katika wilaya ya Neukölln nako, mwaka 2021, mtaa uliokuwa na jina la Hermann von Wissmann, aliyeyazima mapambano ya Bushiri bin Salim mwaka 1889, ulipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Kilimanjaro na mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa kiwaziri nchini mwetu. Ni vizuri wanafunzi wafike huko, lakini nusu siku inatosha. Vibao vya mitaa husomwa haraka.

Siku ninayoiona kuwa kiini cha ziara inapitia barabara moja, Invalidenstraße, kwa miguu. Ianzie Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, katika ukumbi ambamo amesimama mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Mifupa yake ilichimbwa katika msafara wa 1909 hadi 1913, katika nchi ya Lindi, ambako vita vya Majimaji na njaa iliyofuata vilikuwa vimemalizika miaka michache tu kabla. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mwalimu asianze kueleza. Awaambie wanafunzi waandike kila jina la mtu wanaloliona ukumbini, na kando ya kila jina kazi aliyoifanya na mahali alipozaliwa. Kisha walinganishe orodha hiyo na waliyosoma darasani juu ya Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji na fundi wa kuitayarisha mifupa, ambaye wanasayansi walimpa heshima mwaka 2007 kwa kumwita mjusi mwingine wa Tendaguru Australodocus bohetii. Orodha hiyo ya majina itawafundisha zaidi ya hotuba yoyote juu ya nani huandikwa katika sayansi na nani huachwa. Swali la mifupa kurudishwa, ambalo limeulizwa mara kwa mara katika Bunge la Tanzania, litakuja lenyewe, na lijadiliwe kwa uzito wake: gharama, hifadhi, haki, na faida ambayo Lindi imepata au haijapata.

Kutoka hapo waifuate Invalidenstraße kuelekea mashariki hadi stesheni ya Nordbahnhof, ambapo inaanza Bernauer Straße na kumbukumbu ya Ukuta. Hapa mpaka wa mwaka 1961 ulipita kwenye kuta za nyumba: nyumba upande wa mashariki, njia ya miguu mbele ya mlango upande wa magharibi. Watu waliruka madirishani. Ida Siekmann alikufa hivyo tarehe 22 Agosti, siku tisa baada ya mpaka kufungwa. Hapa wapo watakaonipinga wakisema kwamba Ukuta hauna uhusiano na Afrika Mashariki, na kwamba swali langu linaupinda mji ufanane na sisi. Pingamizi hilo nalipokea kwa heshima, lakini ushahidi haukubaliani nalo. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 iliitambua Ujerumani Mashariki, Ujerumani Magharibi ikapinga, na baada ya Muungano Rais Nyerere akajikuta kati ya Ujerumani mbili. Mwaka 1965, Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi, yeye aliikataa misaada yake yote. Huko Unguja, maghorofa ya Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na mpango wa Michenzani ulichorwa na wataalamu wake. Mwanafunzi wa Unguja anayeyatazama maghorofa ya Wilhelmstraße anatazama kazi ya serikali ileile iliyochora mji anaoishi. Ukuta ni sehemu ya historia yetu ya karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Mbele kidogo Invalidenstraße inakutana na Brunnenstraße, na upande wa kusini, kwenye namba 193, kuna kijiwe kilichozamishwa katika njia ya miguu, kina bamba la shaba lenye sentimita 10 kila upande. Juu yake limechorwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, mwaka wake wa kuzaliwa 1904, mwaka aliokamatwa 1941, neno Sachsenhausen, na tarehe aliyokufa, 24 Novemba 1944. Alizaliwa Dar es Salaam. Akiwa mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kama baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yao ambayo haikulipwa, akakataliwa, akabaki. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, mwigizaji wa sehemu ndogo katika filamu, na msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Aliigiza hata katika filamu ya mwaka 1941 ya kumtukuza Carl Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila hukumu ya mahakama, na huko alifia. Katika maisha ya mtu huyu mmoja kuna Wilhelmstraße, kuna Petersallee, kuna Wannsee. Wale wanaosema mwalimu achague ama ukoloni ama Unazi, kwa kuwa siku ni chache, wamsome Mahjub. Na bamba lenyewe lilidaiwa: liliwekwa mwaka 2007, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake, baada ya watafiti kuyachimbua maisha yake katika kumbukumbu za serikali.

Maisha hayohayo yanajibu hofu nyingine ambayo wazazi wanayo kwa haki, kwamba watoto watarudi na chuki. Chuki hustawi pale ambapo kila mtu ana sura moja. Mahjub alivaa sare ya mkoloni, na waliopigana dhidi ya wapiganaji wa Majimaji kwa sehemu kubwa walikuwa askari Waafrika chini ya maofisa Wajerumani. Miongoni mwa waliodai mitaa ibadilishwe majina walikuwemo Wajerumani wengi. Kijana anayelazimika kuyaweka mambo hayo yote katika akili moja hapati nafasi ya kuwagawa watu kwa rangi. Hata hivyo sitaki mwalimu ayalainishe mauaji. Majimaji iliua watu wengi mno, makadirio yanafika 300,000, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha. Miezi miwili kabla, taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa mjini Berlin ilikuwa imetangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu yapatayo 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, na vipimo vya vinasaba vilikuwa vimewapata ndugu walio hai Tanzania. Mafuvu hayo hayaonyeshwi kwa umma, na ni haki yasionyeshwe. Jambo hili lifundishwe nyumbani, kabla ya safari, na mzazi aarifiwe.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Tikiti za ndege za wanafunzi 20 na walimu watatu zingeweza kuwapeleka wanafunzi wengi mara kumi Kilwa, Songea na Bagamoyo. Ni kweli, na shule yenye uwezo wa safari moja tu iende Songea. Siitetei ziara ya Berlin kwa ajili ya jina la shule kwenye kalenda. Lakini kuna shule zitakazokwenda Berlin kwa vyovyote, kwa ushirikiano na shule za Ujerumani au kwa michango ya wazazi, na kuna shule za Ulaya zenye watoto wetu ndani. Hizo zisikubali kulipa bei kubwa kwa matembezi. Wengine watasema picha na mitandao vinatosha. Picha huonyesha alichochagua mpiga picha. Zoezi la kutafuta majina yasiyokuwepo ukumbini haliwezekani kwenye picha, kwa sababu anayetazama hajui nini kimeachwa nje ya fremu.

Basi mpango uanze mwaka mmoja kabla, na sehemu yake kubwa iwe nyumbani. Muhula wa kwanza wasome Hati Kuu, habari za Majimaji, na maandishi ya Waswahili waliowatangulia Berlin: Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha Kiswahili huko katika miaka ya 1890 na kuandika juu ya maisha ya Ulaya, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi mkuu wa Desturi za Waswahili, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903, aliyefundisha hukohuko na kufia hukohuko mwaka 1927. Muhula wa pili waende walau mahali pamoja hapa nchini. Maombi ya viza hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Alama za vidole huchukuliwa kuanzia umri wa miaka 12. Bima isipungue thamani ya euro 30,000. Na walimu wengi hawajui kwamba wanafunzi na walimu wanaowasindikiza kwa ajili ya masomo hawatozwi ada ya viza yenyewe, ingawa kituo cha kupokea maombi kinaweza kudai malipo yake. Msimu una maana kuliko bei ya hoteli: likizo ya Desemba itawakuta na machweo ya jua karibu saa kumi jioni, ya Juni itawapa mwanga hadi saa tatu usiku. Makumbusho ya Elimu ya Viumbe hufungwa Jumatatu, na Humboldt Forum, penye mikusanyiko ya vitu kutoka Afrika Mashariki, Jumanne. Mahali pasizidi pawili kwa siku. Chakula cha halali hakitakuwa taabu, si Wedding wala Neukölln.

Na kipengele cha mwisho cha bajeti kiwe cha kazi ya kurudi. Kila kundi liandike kwa Kiswahili aya moja ya kuchukua nafasi ya sentensi ya kitabu cha kiada kuhusu mkutano wa Berlin, pamoja na ushahidi wake, na orodha ya majina waliyoyakuta na wasiyoyakuta chini ya mjusi wa Tendaguru. Nakala zichapwe, zigawiwe madarasa ambayo hayakusafiri, nyingine zipelekwe shule za Lindi na Songea, na wanafunzi wa huko wapewe nafasi ya kuzipinga kwa maandishi.